Nilimwambia "skinny", akaninunia: jibu kwa msomaji wa Kigoma

Msomaji ameandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma mjini. Tulimpokea mama mmoja Mwingereza aliyekuja kuona sokwemtu wa Gombe. Mrefu, mwembamba, kavaa vizuri mno. Nikataka kumsifu, nikamwambia, 'Madam, you are very skinny.' Uso ukambadilika palepale. Tangu siku hiyo alikuwa akichukua ufunguo bila kunitazama, mpaka akaondoka. Kamusi yangu inasema slim ni -embamba, na skinny ni -embamba. Mpishi wetu, aliyeishi Uganda miaka mingi, alishanionya kwamba slim ni jina la ugonjwa, nisilitamke mbele ya mtu, ndiyo maana nikachagua hilo lingine. Na suruali za skini si ndizo wanazovaa warembo? Nimekosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Sarufi yako haina doa. Ningekuwa nasahihisha mtihani ningekupa alama zote, nawe ungetoka darasani ukiamini umekijua Kiingereza, kumbe nimekudanganya. Kilichokuponza ni kamusi ya mfukoni. Kamusi ndogo ni kama kisado cha pale Kibirizi: kinakupima dagaa, hakikwambii kama ni wa jana au wa mwezi uliopita. Kwa kipimo, slim na skinny ni kisado kimoja, yaani mtu mwenye nyama chache mwilini. Wachukue ndugu wawili wa kilo zilezile na kimo kilekile, mmoja aitwe slim na mwingine skinny, na hakuna mizani ya hospitali itakayokuonyesha tofauti. Hata mwanamke mmoja anaweza kuwa slim kwa mama yake na skinny kwa wifi yake.

Tofauti iko kwa anayesema. Akisema slim, anasema huyu ni mwembamba na wembamba umemkaa, kama nguo iliyoshonwa na fundi anayejua kazi yake. Akisema skinny, anasema huyu ni mwembamba mpaka nimeanza kumhesabu mifupa.

Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa kipimo cha ng'ombe. Mfikirie ng'ombe wa huku kwetu Igunga mwezi wa kumi, mvua bado, malisho yamebaki mashina. Mbavu zake unazihesabu ukiwa ndani ya basi. Mwingereza akimwona yule atasema "a skinny cow" bila kusita. "A slim cow" hatasema, na akisema wenzake watacheka kama ambavyo wewe ungecheka mtu akikwambia ng'ombe fulani ana ingilishi figa. Kuku aliyekonda ni skinny, paka wa jalalani ni skinny, miguu ya mtoto aliyetoka kuugua malaria ni skinny. Slim ni la binadamu na vitu vyake. Wanaoponyoka kidogo ni mbwa wao wa nyumbani, maana daktari wa mifugo wa Uingereza humshauri mwenye mbwa amweke mbwa wake slim, lakini mbwa wa Mwingereza na binadamu wa Mwingereza wanakaa kochi moja, kwa hiyo sihesabu hilo kuwa kasoro ya kipimo changu.

Sasa unaona. Wewe ulidhani umempeleka yule mama jukwaani, kumbe umemweka zizini.

Usije ukadhani haya ni maringo ya Waingereza peke yao. Mpaka huohuo tunao sisi, ila tumeuchora upande wa pili wa mizani. Mbuzi hunona, mtu hunenepa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi yake ndogo atakuta vitenzi vyote viwili vinaelekea kwenye fat ileile, na siku moja atamwambia mama ntilie wa sokoni Mwanga, kwa tabasamu lote, "Mama, umenona." Kicheko chake utakisikia mpaka Ujiji, na kama mama mwenyewe si mcheshi mgeni atakosa wali. Kisha hebu hesabu tulivyo matajiri upande huo: mnene, bonge, kibonge, tipwatipwa, na kwa adabu tunasema ana mwili, au ana afya. "Ana afya" hiyo wala haina uhusiano na presha wala sukari. Ni sifa. Kwa miaka mingi jicho letu lilitazama unene, likatafuta maneno ya kuupamba na ya kuudhihaki. Jicho la Mwingereza wa siku hizi linatazama wembamba, analipia pesa apungue, na palepale anaogopa kupungua kupita kiasi. Ndiyo maana lugha yake imejaa maneno upande wa wembamba.

Katikati ya slim na skinny liko neno thin. Hilo ndilo -embamba hasa, lisilopaka rangi, na linafaa kwa mtu, kitambaa, ukuta, uji na karatasi. Hata hivyo ukimwambia mtu "You look thin," atasikia umeingiwa na wasiwasi juu yake, karibu na "mbona umepungua?" yetu. Mwanafalsafa wa Kiingereza Bertrand Russell, mwaka 1948 katika kipindi cha redio ya BBC, alifanya mzaha kwa kunyambua sifa kama tunavyonyambua vitenzi: mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yeye ni kichwa ngumu asiyesikia. Tukimwazima mzaha wake, mimi ni slim, wewe ni thin, yule asiyekuwepo ni skinny. Mtu wa nafsi ya kwanza hajawahi kukosa neno zuri.

Majirani wengine wa maneno haya nitakupitisha mbiombio. Slender ni slim aliyeongezewa madaha, hutumika hata kwa kiungo kimoja, shingo au vidole. Petite ni wa kike tu, na ni mfupi mwenye umbo dogo, yule ambaye vijana wenu wanamwita potabo. Lanky ni mrefu mwembamba ambaye mikono na miguu haijajua itulie wapi, njorinjori wa kidato cha pili. Gaunt ni wembamba wa njaa au ugonjwa unaoonekana mashavuni, na hilo usilitumie kwa mgeni hata akikupa ruhusa.

Lean nitakaa nalo kidogo, kwa sababu ya hapa Tabora. Ni wembamba wa mtu mkakamavu asiye na mafuta, kama mwanariadha, na buchani "lean meat" ni nyama isiyo na mafuta. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa kuanzia 1937 na baada ya Makerere akarudi kufundisha shule ya St. Mary's, ndiye aliyetutafsiria kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, mwaka 1963. Humo Kaizari anatamani azungukwe na wanene, anamhofu Cassius, mmoja wa watakaomuua, kwa sababu ya ule wembamba wake wenye njaa. Kwa Kiingereza neno alilotumia Shakespeare pale ni lean. Cassius ni hatari, hachekeshi wala hahurumiwi, na skinny lingemfanya wa kuhurumiwa. Skinny Shakespeare alikuwa nalo, lakini alilipeleka kwenye tamthilia nyingine, kwa wachawi wa Macbeth, akaelezea nalo midomo yao. Wachawi, mwanangu! Zaidi ya miaka mia nne iliyopita neno lilikuwa tayari halipelekwi mapokezi.

Na slim je? Shakespeare hakulitumia. Alifariki 1616, na slim liliingia Kiingereza baadaye katika karne hiyohiyo likitokea Kiholanzi. Huko lilikotoka lilikuwa neno baya, lenye maana ya upotovu na hila. Waholanzi wa leo wakisema slim wanamaanisha mtu mwenye akili, na binamu yake wa Kijerumani, schlimm, bado anamaanisha vibaya. Kwa hiyo hili unaloliona leo neno la warembo lilianza maisha kama tapeli. Skinny lenyewe halina safari ndefu hivyo. Limetokana na skin, ngozi, neno ambalo Waingereza walilipata kwa Waskandinavia, na ukilisikiliza linakuambia lilichokiona: ngozi, na chini yake mifupa. Ndiyo tafsiri yake ya karibu kabisa katika Kiswahili, ngozi na mifupa. Angalia usije ukalifanya kitenzi, maana "to skin" ni kuchuna, kama anavyochunwa mbuzi.

Turudi kwa mpishi wenu, kwa sababu nasikia kwenye barua yako kwamba umeanza kumlaumu. Usimlaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Rakai kusini mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kagera, watu walianza kuharisha, kupungua na kufa, na hakuna aliyejua ni nini. Wananchi wakauita ugonjwa ule slim. Mwaka 1985 jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala juu ya ugonjwa huo, na neno slim likawa kwenye kichwa cha habari. Wagonjwa watatu wa kwanza wa upande wetu waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na huko walikuwa na jina lao, Juliana, lililotokana na nguo zilizokuwa zikivuka mpaka kwa magendo. Baadaye tukapata Ukimwi, ngoma, miwaya, na mengine unayoyajua. Kwa hiyo mtu aliyekuwa Uganda miaka ile alilisikia slim likisemwa msibani. Kumwambia leo kwamba ni sifa ni kama kumwambia mtu wa umri wangu kwamba "amekanyaga miwaya" ni habari ya fundi umeme. Ukikutana na Mganda wa makamo, onyo la mpishi lishike. Yule mama wa Gombe hakuwa na kumbukumbu hiyo, na slim asingeliona tusi hata kidogo.

Ugonjwa huohuo ndio uliotuharibia sisi kitenzi kukonda. Jaribu kumwambia mtu wa Kigoma au wa Tabora "umekonda". Atakueleza kabla hujamwuliza: nilikuwa na malaria, kazi zimezidi, tulikuwa kwenye mfungo. Anajitetea, kwa sababu anajua ulichowaza. Na kukonda kuna jambo moja ambalo skinny haina: ni mwendo. Aliyekonda alikuwa na nyama, zikaenda. Skinny anaweza kuwa hivyo tangu kuzaliwa. Kwa hiyo usifanye haraka kutafsiri skinny kwa "aliyekonda" kila mahali. Mtu wa maumbile hayo, na msemaji akiwa anamtania, mwite kimbaumbau. Watoto wa shule wanakumalizia wenyewe, mwiko wa pilau. Kimbaumbau ni skinny kabisa, kwa sauti na kwa dharau. Na slim? Mitaani wanasema ana ingilishi figa, au wa kimodo. Nayapenda maneno haya kwa sababu hayajifichi: la kwanza linasema wazi jicho la kusifu wembamba limetoka kwa nani.

Jicho hilo liliwahi kuniponza mimi mwenyewe, tena nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Nilikuwa kijana, nafundisha sekondari moja hapa mkoani, na tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, mwanamke, aliyekwenda kwao likizo akarudi kwa treni. Tulikwenda stesheni kumpokea. Aliposhuka amejaa mashavu, rangi imerudi, nikafurahi kwa dhati, nikamwambia mbele ya wote, "You are so fat now!" Kwa mama yangu hiyo ingekuwa dua. Yule dada alicheka kidogo, akashukuru, na kwa wiki tatu hakugusa andazi ofisini kwa walimu. Nilikuja kuelezwa na mwenzake. Na kinyume chake pia ni kweli. Ukimwambia Mwingereza "You've lost weight," mara nyingi atakushukuru na kukueleza anavyofanya mazoezi. Sentensi hiyohiyo ukimpa shangazi yangu kwa Kiswahili, "umepungua", atauliza hospitali gani nimeisikia habari hiyo.

Sasa suruali. Hapo ulikuwa na hoja nzuri kuliko unavyojua. Skinny likiwekwa kwenye kitu cha dukani hupoteza makali. Jinzi za skinny zimeitwa hivyo kwa sababu zinabana mguu kama ngozi ya pili, na kahawa ya skinny ni ile yenye maziwa yaliyoondolewa mafuta. Sifa imekwenda kwa kitu, wala haimtaji anayevaa au anayekunywa. Ukimwambia mgeni "I like your skinny jeans" hatanuna. Mwambie "you are skinny" akiwa ndani ya jinzi hizohizo na umerudi palepale. Wanawake wenyewe hujiita skinny kwa mzaha, na marafiki wa karibu huitana hivyo, kama vijana wa Mwanga wanavyoitana bonge bila mtu kugombana. Ruhusa hiyo ni ya aliyekaribishwa ndani, na mtu wa mapokezi, kwa kazi yake, yuko mlangoni. Ukisikia Mmarekani anasema "give me the skinny", usimwangalie mwili: anataka habari za ndani.

Slim nalo lina maisha nje ya mwili, na huko si zuri hata kidogo. "A slim chance" ni nafasi finyu, "a slim majority" ni ushindi wa kura chache. Kwa kitabu au simu ni wembamba wa kupendeza. Skinny haliendi na matumaini wala kura. Ukitaka kulinganisha, slim huongeza m ikawa slimmer, skinny hubadilisha y ikawa skinnier. Na sikiliza maneno yanayopenda kukaa nayo: Waingereza husema "nice and slim", husema "too skinny". Ukiyapindua, "nice and skinny", sikio linakwaruzwa. Mimi huwaambia wanafunzi waache kukariri maana, wakariri majirani. Neno linalozoea kukaa na "too" lina kesi.

Umeniuliza umekosea wapi, nami nimekujibu kwa neno. Lakini nadhani hata ungesema slim, yule mama angepepesa macho. Waingereza hawazoei mwili wao utajwe na mtu wasiyemjua, uwe umesifiwa au umelaumiwa. Sisi tunasalimiana kwa miili: umenenepa, umepungua, umekuwa mweusi, jua la Kasulu limekuunguza. Kwao hiyo ni kama kufungua mkoba wa mtu ukasifia vilivyomo. Msifie nguo, kofia, skafu, kitu alichokichagua mwenyewe asubuhi. "That's a lovely scarf" haijawahi kumnunisha mtu. Kama ni mtu uliyekwisha kumzoea, "You look lovely today" inatosha na haipimi kilo.

Tena nisome upya ulichoniandikia: mrefu, mwembamba, kavaa vizuri mno. Kwa Kiswahili ulikuwa na neno lake mdomoni, maridadi, na Kiingereza chake ni elegant. Wembamba hukuuona peke yake. Uliona mavazi, mwendo na namna alivyosimama pale kaunta, kisha kamusi ikakutolea wembamba tu. Kama kitabu chenu cha wageni kina anwani yake na mwenye nyumba anakuruhusu, mwandikie mistari miwili: "I am sorry for the word I used. I wanted to say that you looked elegant." Usimweleze habari za kamusi. Na mpishi msalimie. Mwulize pia huko Uganda walikuwa wakimwita nani skinny, maana hilo ningependa kulijua.